Mvua ya Mawe Siku ya Sita ya Mtoto

Siku hizi redio ikisema kimbunga, wanataja bahari na visiwa, wanasema watu wa pwani wachukue tahadhari. Mimi bahari sijaiona. Nimefika Mbeya mara mbili na Sumbawanga mjini mara nyingi, basi. Lakini upepo wa kubeba paa la nyumba na kulitupa shambani kwa mtu mwingine nimeuona, na haukutoka baharini. Ulipanda kutoka bonde la Rukwa, ukavuka ukingo wa mlima, ukatukuta huku juu Ufipa tukiwa tumejipanga mstari kama watoto wa shule. Hatukuuita kimbunga. Tuliuita ile mvua. Mpaka leo ukisema ile mvua, mtu wa rika langu hakuulizi ipi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa. Zamani kila ukoo ulikaa kilimani kwake, nyumba imegeuzia upepo mgongo, mlango unatazama upande wa nyuma ambako ukitoka huoni mtu isipokuwa ng'ombe wako. Tulipohamishwa alikuja afisa mmoja kijana, mtu wa Mbeya, mlokole, pombe hanywi, akatupimia mstari kando ya barabara. Mimi ndiye niliyemshikia kamba, kwa sababu niliwahi kufanya kibarua cha barabara na nilijua kuvuta kamba bila kulegea. Alisema milango yote itazame barabarani, wageni wakija waone watu. Wazee wakamwambia upande huo ndiko upepo wa Rukwa unakotokea. Akasema upepo hauna mpango, kijiji kina mpango. Tulicheka. Hata mimi nilicheka, nimeshika kamba. Wala sisemi alikuwa mtu mbaya. Alipougua homa tulimpelekea maziwa.

Sasa mashamba hayakuhama. Nyumba zilihama, mashamba yakabaki kule kwenye mahame, mwendo wa saa moja kwa miguu, unavuka kijito, unapanda kilima. Kwa hiyo kila siku mtu analala kijijini na kulima kwao kwa zamani. Akiba ya ulezi nayo wengi tuliiacha kule, kwenye vihenge vyetu vya zamani vilivyosimama juu ya miguu ya miti, kwa sababu kijijini hatukuwa tumejenga vingine.

Mke wangu alikuwa amejifungua. Mtoto wa kwanza, wa kiume, na siku ninayoisema alikuwa na siku sita. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Akitoka, wanasema, upepo unamwingia mtoto kupitia pale penye kidonda. Na si kila mtu anaingia kumwona, kwa sababu kuna watu wanaotembea ovyo, wakimshika mtoto mchanga anakohoa mpaka anaisha. Hayo ndiyo tuliyolelewa nayo. Mama yangu mzazi alikwisha kufa, kwa hiyo aliyekuja kumtunza mzazi ni mama yake yeye, mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze kuhusu mkwe, maana vijana wa sasa wanakaa na mama mkwe kwenye kochi moja wanatazama televisheni. Wakati ule mama mkwe hukumtazama usoni. Hukula naye, hukumpa kitu mkono kwa mkono, wala hukusema naye moja kwa moja. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Lakini kazi ni kazi, watu lazima wasemeshane, kwa hiyo mlisema kupitia kitu. Yeye alikuwa na kitunga chake, kile kikapu cha kubebea ulezi kichwani, akawa anaongea na kitunga. Mimi nilikuwa naongea na jembe. Jembe na kitunga walielewana vizuri sana, kuliko mimi na ndugu zangu.

Siku hiyo nilitoka alfajiri kwenda kupiga matuta. Matuta yetu si marefu kama ya watu wengine. Ni ya duara, unakata majani pamoja na udongo wake, unayageuza ndani, unayarundika mpaka usawa wa kiuno, yanaozea humo, mwaka unaofuata unatawanya na kupanda ulezi. Sisi tunayaita ntumba. Kazi yake inavunja mgongo. Karibu na saa sita nikamwona mama mkwe anapanda kilima na kitunga kichwani. Amekuja kuchukua ulezi kihengeni, apate kumpikia mzazi uji. Nikageuka upande kama ipasavyo. Naye akasimama mbali kidogo, akatazama kazi yangu.

"Wewe kitunga," alisema, "umewahi kuona tuta limelegea namna hii? Linafanana na kichuguu cha mchwa waliogombana."

"Jembe," nikasema, "kiambie kitunga kwamba tuta la majani mabichi hulegea siku ya kwanza. Kesho linakaa."

"Kitunga kinasema marehemu mume wangu naye alikuwa na maneno hayohayo. Tulikula maneno mwaka mzima."

"Jembe linauliza mzazi ameamkaje."

"Ameamka. Ananyonyesha. Mtoto ana kichwa kikubwa kama upande wa baba yake."

Huyo ndiye alikuwa mama mkwe wangu. Mdomo wake ulikuwa mkali na mikono yake haikukaa bure. Akapanda kwenye kihenge, akawa anachota ulezi, mimi nikaendelea na tuta. Nakumbuka nilikuwa nawaza suruali yangu niliyoianika uani. Nilikuwa na mbili tu.

Kilichonifanya niinue kichwa ni ng'ombe. Kundi la jirani lilikuwa linachungwa chini ya kilima, na wote kwa pamoja waligeuka, wakaelekeza makalio upande wa Rukwa. Hakukuwa na upepo bado. Kukawa na ubaridi, ile harufu ya chuma kilicholowa. Halafu sauti ya mama mkwe juu ya kihenge:

"Kitunga. Geuka uone."

Nikageuka. Juu ya ukingo wa mlima, pale tunapoona anga tu siku zote kwa sababu chini yake ni bonde, kulikuwa na kitu kimesimama. Nasema kimesimama kwa sababu wingu huelea, lakini hili lilikuwa na miguu. Juu lilikuwa jeusi, katikati kama kidonda cha zamani, kijani kijani, na chini yake kulikuwa na ukanda mweupe. Sisi watu wa huku ukanda mweupe tunaujua. Hiyo ni mvua ya mawe.

Kutoka pale kilimani kijiji kilionekana chote, nyumba zimepangwa kama meno ya kitana, na nyumba yangu ilikuwa ya nne kutoka upande wa shule. Wingu lilikuwa linakuja na kijiji kilikuwa mbele yake, sisi kando. Halikuwa na haraka. Lilifika kwenye mikaratusi ya misheni, mikaratusi ikainama kama watu wanaopokea baraka, halafu haikuonekana tena. Likafika kwenye njia ya Msanzi, njia haikuonekana.

"Jembe linauliza nani yuko na mzazi," nikasema.

"Kitunga kinasema yupo jirani. Alikwenda kuni. Alisema atawahi kurudi."

"Jembe linasema mzazi akisikia upepo atakimbilia shule. Shule ni ya matofali."

Ulezi ulikuwa unamwagika kwenye kiganja chake, hakuuona.

"Siku ya sita," alikiambia kitunga. "Kitovu bado. Hatatoka. Mimi ndiye niliyemfundisha asitoke, tangu akiwa mdogo hivi."

Watu wanafikiri hofu ni moyo kudunda. Nimesikia wengi wakisimulia, moyo ulinidunda, jasho likanitoka. Mimi sikupata hayo. Mimi nilikufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, ukiushika unajua ni wako lakini haukujibu. Nilitazama lile jambo linaelekea nyumba ya nne, na ndani ya kichwa changu nilikuwa nahesabu matuta niliyopiga tangu asubuhi. Yalikuwa saba. Nikahesabu tena, saba.

Nilianza kuteremka. Hilo nalisema ili mtu asidhani nilisimama tu. Nilipiga hatua kama ishirini na upepo ukanikuta, ukaniweka chini kwa makalio kama mtoto, na jiwe la kwanza likanipiga begani. Yalikuwa makubwa kama viazi. Si kila mvua ya mawe ina mawe makubwa hivyo, nyingi ni kama mahindi tu, watoto wanaokota na kula. Nikarudi kwa magoti. Ile nyumba yetu ya zamani pale tulikwisha kuiezua wenyewe tulipohama, zilibaki kuta. Kitu chenye paa kilikuwa kihenge tu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuingia chini yake, kati ya ile miguu ya miti, na mimi nikaingia.

Ndiyo. Mtu na mama mkwe wake chini ya kihenge kimoja, nafasi haitoshi mbuzi wawili. Tukageuziana migongo. Mgongo wake ulinigusa, na sikuwa na pa kusogea. Nilisema moyoni, leo mila imekwisha. Halafu nikawaza tena suruali.

Mawe yalipiga juu ya kihenge mpaka hukusikia kitu kingine. Tulikaa hivyo. Baadaye yakapungua kidogo, si kwisha, kupungua, na nikamsikia.

"Kitunga," alisema. "Ule mlango niliufunga."

Nikangoja.

"Kwa nje. Mbuzi za watu zinaingia kula majani ya kitanda, na watu wenyewe wanaingia, na mlango hauna komeo. Nilimkuta amelala, nikasema asisumbuliwe. Nimefunga kwa kamba ya mti, mafundo matatu."

Komeo lilikuwa kazi yangu. Tangu tuhamie nilikuwa nasema kesho. Mti wa komeo nilikuwa nimeuchonga tayari, umesimama nyuma ya nyumba, kazi iliyobaki ni ya nusu siku. Nilitaka kujibu. Lakini jembe nilikuwa nimeliacha kule kwenye tuta la saba, na bila jembe sikuwa na namna ya kumjibu. Mtu wa leo atasema huyu mzee ni mpumbavu, mke na mtoto wamefungiwa ndani ya nyumba inayopigwa na upepo, yeye anatafuta jembe la kuongelea. Ndivyo ilivyokuwa.

Mawe yalipokwisha ikabaki mvua. Kilima kilikuwa cheupe. Tukateremka, mimi mbele yeye nyuma, miguu inateleza kwenye barafu. Kijito tulichokivuka tukija, kwa kukanyaga mawe, kilikuwa kimejaa mpaka kwenye matete, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na yale mawe ya kukanyaga hayaonekani. Tulikaa ukingoni muda ambao siwezi kuusema. Ni mrefu. Ng'ambo ungeweza kuona moshi mmoja kijijini, mmoja tu, na nyumba nyingine hazikuonekana vizuri kwa mvua. Sikulia, sikuomba, ingawa mimi ni Mkatoliki na rozari ninayo. Nilitazama maji.

Yalipofika kiunoni tukaingia. Nilikuwa na mchi wa zamani niliouokota kwenye mahame. Nikashika ncha moja, nikauelekeza nyuma bila kutazama, nikasikia ameshika ncha ya pili. Tukavuka hivyo. Kitunga kilikwenda na maji. Hakukitazama.

Kijiji sasa. Mstari wote wa upande wetu ulikuwa umepigwa. Paa moja la nyasi lilikuwa limekaa barabarani zima kama kofia, ukitaka ungeingia ukakaa. Watu walikuwa wanatembea hawasemi, wameshika vitu vya ajabu, mmoja ameshika mguu wa kiti. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anazunguka na karatasi iliyolowa anauliza nani hayupo.

Nyumba ya nne haikuwa na paa. Mbao na nyasi zilikuwa zimeangukia ndani, ukuta wa kulia umelala. Ukuta wa mbele ulibaki kipande, na mlango ulikuwa umesimama kwenye fremu yake, na kamba ilikuwa palepale.

Nikaanza kufungua mafundo. Naandika kama ilivyokuwa. Ungeweza kupita pembeni, nyumba ilikuwa wazi kama uwanja, lakini mimi nilisimama mbele ya mlango nafungua fundo la kwanza, nikalimaliza, nikaanza la pili. Kamba ilikuwa imelowa, ilikaza. Nilitumia meno. Nilikuwa kwenye fundo la tatu nikasikia mama mkwe anaita jina la binti yake upande wa nyuma.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu. Udongo wa nyumba zile mpya ulikuwa haujakauka vizuri, na mke wangu alipoona mlango haufunguki alichukua mchi wa kutwangia, akapiga ukuta kati ya fito mbili mpaka ukafunguka, akapita na mtoto. Siku sita baada ya kuzaa. Hakufika shule. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimepiga matuta machache ya bustani, na yeye alikuwa amelala kati ya matuta mawili, kifudifudi, magoti chini yake, mtoto chini ya kifua. Mgongo wake ulikuwa umepigwa wote, umevimba rangi ya zambarau. Sikio moja lilikuwa linatoka damu. Alikuwa anatetemeka na macho yalikuwa wazi.

Mama mkwe akapiga magoti, akaingiza mkono chini yake, akamtoa mtoto. Mtoto alikuwa na joto. Alikuwa amelala, kwa kweli alikuwa amelala usingizi. Mama mkwe akanipa, mkono kwa mkono, bila kufikiri, akamshika binti yake. Nikasimama na mtoto kwenye mvua. Watu huniuliza ulijisikiaje. Hakuna. Nilimtazama kitovu, kilikuwa bado, nikamfunika.

Walipelekwa shuleni. Wanawake wakamkanda kwa maji moto, wakampa uji wa ulezi wa mtu mwingine. Ilikuwa jioni, bado kuna mwanga, tumekaa kwenye sakafu pamoja na watu wa nyumba kama kumi. Mke wangu alikuwa anamnyonyesha mtoto. Akasema, si kwa ukali, sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Nani alinifungia mlango?"

Balozi naye akageuka, maana alikuwa anaandika habari za kila nyumba. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na ukuta, ameinama. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu kwenye mapaja, nadhani kitunga, na hakikuwepo.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ulitoka alfajiri."

"Nilifunga nikitoka. Mbuzi."

Akanitazama. Balozi akacheka kidogo, kicheko cha kuondoa aibu, akasema, "Kaka, mke wa mtu si ng'ombe," na watu wawili watatu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Akamhamishia mtoto titi la pili.

Mtu asiniwekee wema ambao sikuwa nao. Sikusema vile kwa kumpenda mama mkwe. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimechoka na lile neno lilikuwa karibu, na kwa sababu ya komeo. Kama ningetia komeo, kamba ingetoka wapi? Na mkwe humshitaki. Ukimshitaki mkwe unaishi wapi.

Nilidhani baada ya hapo mama mkwe angesema kitu. Hata kwa kupitia chungu, hata kwa kupitia mtoto, maana mtoto ni njia nzuri, watu wengi walisemeshana na wakwe zao kupitia watoto. Hakusema. Alisuka kitunga kingine, lakini na mimi hakukitumia tena. Akiniona anaacha njia mapema kuliko desturi. Matuta yangu yakawa yanalegea mwaka hadi mwaka na hakuna wa kuyasema. Alikufa miaka mingi baadaye kwa kaka yake, kule Kaoze, bondeni, na mimi nilichimba kaburi kama mkwe anavyotakiwa.

Mke wangu sikio lile halikupona. Mpaka leo ukitaka kumwambia jambo unakwenda upande wa kushoto. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, ana duka Katandala, mnene. Na nyumba zote tulizojenga tangu wakati ule, na ni tatu, mke wangu hakukubali mlango ufungwe mchana akiwa ndani. Julai upepo wa Ufipa unaingia kama kisu, tunakaa tumejifunika mablanketi, mlango wazi. Sijawahi kumwambia ufungwe. Ningeanzia wapi?

Hakunichukia. Alinipikia, akanizalia wengine watano. Lakini kila nikitoka nyumbani, alfajiri au saa yoyote, alikuwa anaamka na kukaa mpaka nimepotea njiani, akitazama mkono wangu unafanya nini mlangoni. Miaka yote hiyo. Nilizoea. Nilikuwa natoka nimeinua mikono kidogo, aione.

Jana alikaa hapa nje anapepeta ulezi, akaniuliza daftari hili ni la nini kila siku. Nikahamia upande wa kushoto nikamwambia, naandika habari za ile mvua.

"Usisahau kuandika mlango," alisema.

Nikamwambia nimeandika.

"Umeandika nani alifunga?"

Nikasema ndiyo. Yeye kusoma hajui. Akaendelea kupepeta, halafu akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mafundo matatu, aliyoyahesabu siku ile kwenye upenyo wa mlango, ni mafundo ya kwao, upande wa mama yake wote wanafunga hivyo, na mimi tangu anijue nafunga moja.